Kutembea kwa Miguu Vijijini Ufaransa: Mwongozo wa Anayeanza

Kila majira ya kuchipua yakifika, maswali ni yale yale: njia nitaijuaje? Nitakula wapi? Naruhusiwa kukatiza shamba la mtu? Nikipotea msituni nifanyeje? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio, kuanzia jioni ya kabla ya safari hadi unapovua viatu. Ni wako wewe unayeishi Ulaya, au uliyekuja kutembea, na unataka kupita vijiji, misitu na mabonde ya mito bila kumlipa mtu akuongoze.

Jambo moja ulijue mapema. Mabonde mengi ya Ufaransa hayana milima ya kukutoa pumzi, na njia zake zimewekwa alama vizuri. Kinachomwangusha anayeanza ni saa: anafika kijijini duka la mikate limefungwa, basi limekwisha kupita, au jua linazama mapema kuliko alivyodhani. Ndiyo maana hatua kadhaa hapa chini zinahusu saa kuliko zinavyohusu miguu.

Saa zote humu ni za Kiswahili. Vibao na ratiba za Ufaransa huandika saa 24, kwa hiyo 12h30 ni saa sita na nusu mchana, na 16h00 ni saa kumi jioni. Kanuni ni nyepesi: toa sita, na jibu likizidi kumi na mbili toa kumi na mbili tena; ila kabla ya 07h00, ongeza sita badala ya kutoa. Basi la 19h10 ni la saa moja na dakika kumi usiku. Wengi wamekosa basi kwa kulihesabu kichwani wakiwa wamechoka, kwa hiyo ligeuze jioni ya kabla na uliandike kwenye karatasi.

VINAVYOHITAJIKA

Ramani ya IGN, taasisi ya ramani ya Ufaransa, ya kipimo cha 1:25,000, ile yenye jalada la buluu. Sentimita 4 juu ya ramani ni kilomita 1 ardhini. Taasisi hiyo hiyo ina programu ya simu iitwayo Cartes IGN. Hata ukiwa nayo, piga picha za skrini za njia nzima kabla ya kuondoka, maana kwenye mabonde yenye kina mtandao hupotea kabisa.

Viatu vyenye soli ya meno, ambavyo umekwisha kuvivaa angalau wiki mbili. Kiatu kipya siku ya safari ni malengelenge kabla ya kilomita ya tano.

Suruali ndefu, hata wakati wa joto. Sababu ni kupe, miiba, na majani yawashayo kama upupu, ambayo Wafaransa huyaita ortie na ambayo hujaa kando ya vijia kuanzia Mei.

Maji lita 1.5 kwa kila mtu kwa nusu siku, lita 2.5 ikiwa ni Julai au Agosti.

Koti jepesi la mvua, tochi ndogo, chaja ya akiba ya simu, filimbi, plasta, na kibano cha kutolea kupe. Hicho kibano huitwa tire-tique na kila duka la dawa lenye msalaba wa kijani hukiuza.

Fedha taslimu euro 20 au 30, zenye noti ndogo. Mkahawa wa kijijini unaweza kukataa kadi kwa kiasi kidogo.

Kuanzia Septemba hadi Februari, fulana au kofia ya rangi ya chungwa kali. Sababu yake imo katika hatua ya 4.

HATUA ZENYEWE

1. Chagua njia fupi inayozunguka

Tafuta njia inayoanzia na kuishia mahali pamoja. Wafaransa huiita boucle. Kwa mara ya kwanza, kilomita 8 hadi 12 zinatosha, na jumla ya mwinuko isizidi mita 250. Njia inayozunguka hukuondolea shida kubwa ya vijijini, yaani usafiri wa kukurudisha ulikotoka.

Hesabu ya muda ni hii: kilomita 4 kwa saa moja kwenye tambarare, kisha ongeza saa moja kwa kila mita 300 unazopanda, kisha ongeza dakika 45 za kula na kupumzika. Kwa hiyo njia ya kilomita 12 yenye kupanda mita 300 itakuchukua saa nne na dakika 45. Ukiwa na watoto, ongeza saa moja na nusu.

2. Panga siku kwa kurudi nyuma

Anza na treni au basi la mwisho, si na saa ya kuondoka. Andika saa ya usafiri wa mwisho, toa saa moja na nusu ya akiba, toa muda wa kutembea, na hapo ndipo utapata saa ya kuanza. Kama saa hiyo ni kabla treni ya asubuhi haijafika, badilisha njia.

Mabasi ya vijijini mara nyingi hufuata ratiba ya shule. Hiyo ina maana kwamba Jumapili, sikukuu na wakati wa likizo huenda hakuna hata moja. Kuna pia basi la kuagiza, transport à la demande, ambalo kwa kawaida ni lazima ulipigie simu siku moja kabla. Ukilisubiri kituoni bila kuagiza, haliji.

Halafu jua. Mtu aliyekulia karibu na ikweta amezoea machweo ya saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na hapa mazoea hayo yatamponza. Katika eneo la Paris, mwezi Desemba jua huzama kabla ya saa kumi na moja jioni; mwezi Juni huzama karibu saa nne usiku. Tena msituni giza huingia nusu saa kabla ya nje. Miezi mizuri kwa anayeanza ni Aprili hadi Juni, kisha Septemba.

3. Soma ramani jioni, si njiani

Ifuate njia kwa kidole kuanzia mwanzo hadi mwisho. Mistari ya mwinuko ikikaribiana, ni mteremko mkali. Ikitawanyika, ni tambarare. Tafuta na vifupisho vinavyokufaa: Font. ni chemchemi au bomba la zamani, Mln ni kinu, Fme ni shamba lenye nyumba, Chlle ni kanisa dogo, Rnes ni magofu. Neno gué lina maana ya kivuko cha kukanyaga maji, kwa hiyo baada ya mvua kubwa hapo huenda usipite.

Kisha andika njiapanda sita au saba za muhimu kwenye karatasi ndogo kwa maneno yako: “Baada ya daraja, kushoto kupanda. Msalaba wa mawe, nenda moja kwa moja. Kinu, vuka mto.” Karatasi hiyo iwe mfukoni, si ndani ya begi. Simu ikizima, utafika.

4. Angalia hewa, mto na uwindaji

Météo-France hutoa tahadhari kwa rangi nne kwa kila wilaya kubwa, département: kijani, manjano, chungwa na nyekundu. Ikiwa chungwa kwa radi, upepo au mafuriko, ahirisha. Kwa mito kuna huduma ya Vigicrues, inayotumia rangi hizo hizo. Kusini, hasa Bouches-du-Rhône na Var, serikali hutoa kila siku ya kiangazi ramani ya misitu iliyofungwa kwa hofu ya moto. Iangalie jioni ya kabla, maana kufungwa huko ni amri.

Msimu wa kuwinda kwa jumla huanza Septemba na kuisha mwisho wa Februari, ingawa nguruwe mwitu huweza kuwindwa hata nje ya muda huo. Wikendi ndizo siku zenye wawindaji wengi. Ukikuta kando ya barabara kibao kilichoandikwa “Chasse en cours” au “Battue en cours”, kuna msako unaoendelea: wawindaji wamepangwa kwa mstari na wanyama wanaswagwa kuwaelekea. Usiingie kimya kimya. Vaa rangi ya chungwa, ongea kwa sauti, usitoke nje ya njia, na ukimwona mwindaji muulize: “Bonjour, je peux passer?” Akikuambia usubiri, subiri. Kama huna haraka, geuza njia na uache msitu huo kwa siku hiyo.

5. Nunua chakula kabla ya saa sita na nusu

Hapa ndipo wengi wanaumia. Maduka ya vijijini hufungwa mchana, mara nyingi kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu au saa kumi. Duka la mikate hufungwa siku nzima moja au mbili kwa wiki, mara nyingi Jumatatu, na Jumapili mchana karibu kila kitu kimefungwa. Kijiji chenye wakazi mia mbili huenda hakina duka lolote. Usiweke mategemeo yako kwenye jina la kijiji kwa sababu limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye ramani.

Mkahawa nao una saa zake. Chakula cha mchana huagizwa kati ya saa sita na saa saba na nusu. Ukiingia saa nane na nusu utapewa kahawa, ila jiko limezimwa. Kwa hiyo beba mkate, jibini au mayai ya kuchemsha, matunda, na kitu cha chumvi. Ukikuta siku ya soko, ambalo huwa la asubuhi, nunua hapo.

Maji ya bomba kwa kawaida ni safi pasipokuwa na kibao cha “eau non potable”, yaani maji yasiyofaa kunywa. Ukiishiwa maji kijijini na milango yote imefungwa, nenda makaburini. Karibu kila makaburi yana bomba la kumwagilia maua, na makaburi yenyewe hayahitaji kuulizia: kwenye ramani yamewekewa alama ya msalaba pembeni ya kijiji. Soma kibao kilicho juu ya bomba kwanza. Usinywe maji ya kijito hata kama yanang'aa, kwa sababu juu yake kuna ng'ombe.

6. Jifunze kusoma rangi

Ukiielewa hatua hii, nusu ya hofu ya kupotea itaisha. Njia zilianza kuwekewa alama hizi mwaka 1947, kipande cha kwanza kikiwa kando ya mto Loire kati ya Orléans na Beaugency. Hadi leo wanaozipaka upya ni watu wa kujitolea wa shirikisho la watembeaji, FFRandonnée.

Mistari miwili, mweupe juu na mwekundu chini, ni njia ndefu ya GR, inayoweza kupita mikoa kadhaa. Manjano juu na nyekundu chini ni GR de Pays, inayozunguka eneo moja. Mstari mmoja wa manjano ni PR, matembezi ya nusu siku au siku moja. Hizo ndizo za kuanzia.

Maumbo ni matatu. Mistari iliyolala sambamba: endelea. Mistari yenye mkunjo au mshale chini yake: kata upande unaoonyeshwa, hatua chache mbele. Msalaba wa X kwa rangi za njia yako: huku siko, rudi. Ule msalaba ni rafiki yako. Umewekwa mahali ambapo watu wengi hukosea.

Alama ni kipande kilichonyooka, kama sentimita 10 kwa urefu na 2 kwa upana. Fikiria umefika njiapanda ya vijia vinne, katikati kuna msalaba wa mawe uliofunikwa na kuvu. Huoni rangi yoyote. Angalia nguzo ya umeme, kisha nyuma ya kibao cha barabara, kisha kona ya ukuta wa ghala, hasa pale mimea ya kutambaa ilipoziba mawe: inua majani, na mara nyingi rangi iko chini yake, imefifia lakini ipo. Kama bado huoni, fuata kila kijia mita 100. Alama ya kuthibitisha huwekwa baada ya njiapanda, kwa hiyo kusimama katikati na kukodoa macho hakusaidii.

Kanuni ya dakika kumi: ukitembea dakika kumi bila kuona alama, rudi hadi ile ya mwisho uliyoiona kwa macho yako. Usiseme “itatokea mbele”. Kosa la mita 300 hugeuka kosa la kilomita 3 kwa sababu hiyo tu.

Tahadhari: msituni miti hupakwa rangi nyingine pia. Nukta, mistari ya mshazari, herufi na namba ni za wakataji miti na za mipaka ya vipande vya msitu. Rangi ya chungwa kwa kawaida ni njia ya farasi. Pembetatu yenye duara mbili ni ya baiskeli. Ukizifuata hizo utaishia kusikojulikana.

7. Pita mashambani kwa adabu

Unaruhusiwa kutembea kwenye njia za umma, na nyingine hupita katikati ya mashamba ya watu kwa makubaliano. Huruhusiwi kuingia popote palipoandikwa “Propriété privée” au “Défense d'entrer”. Tangu sheria ya Februari 2023, kuingia bila ruhusa kwenye shamba au msitu wa mtu uliowekwa kibao waziwazi ni kosa la kutozwa faini.

Lango ulilolikuta limefungwa, lifunge; ulilolikuta wazi, liache wazi. Uzio wa umeme ukikatiza njia, utaona mpini wa plastiki wenye ndoano. Shika plastiki peke yake, chomoa ndoano, pitisha watu na mabegi, rudisha ndoano pale pale, na uhakikishe waya haukugusa nyasi. Waya ukigusa ardhi umeme unapotea, na ng'ombe hulijua hilo upesi.

Ng'ombe mwenye ndama usipite kati yake na mtoto wake. Zunguka pembeni ya uzio. Kwenye milima ya Alpes na Pyrénées kondoo hulindwa na mbwa mkubwa mweupe aitwaye patou. Akikujia, simama, ongea kwa sauti ya chini, usimtishe kwa fimbo, usikimbie, kisha lizunguke kundi kwa mbali. Mkulima akiwa amelima juu ya njia, tembea pembeni ya shamba, si juu ya mbegu.

Na salamu. Kijijini na njiani, kila unayekutana naye mwambie “Bonjour”. Dukani uiseme kabla ya neno lingine lolote. Kuuliza njia bila salamu huko ni sawa na kuingia nyumba ya mtu bila hodi. Ukianza na “Bonjour madame, le chemin pour Chevreuse, s'il vous plaît?” utaelekezwa hadi kwenye kona.

Kwenye barabara ya magari isiyo na njia ya miguu, tembea upande wa kushoto ukiyatazama magari yanayokuja, mmoja nyuma ya mwingine. Kwenye kona kali isiyoonyesha mbele, hamia upande unaoonekana vizuri zaidi, kisha rudi.

8. Msituni na kwenye vijia vya zamani

Kuna vijia vilivyozama kati ya kingo mbili za udongo, chemin creux, vilivyochimbwa na magurudumu na kwato kwa karne nyingi. Kiangazi vina kivuli kizuri mno. Kuanzia Novemba vinageuka mfereji: maji ya mashamba yote mawili yanashuka humo na udongo wa mfinyanzi hauyaachii. Ongeza theluthi moja kwenye muda wako, na tembea pembeni penye mizizi, si katikati.

Mizizi iliyolowa huteleza kuliko jiwe. Magogo yaliyorundikwa kando ya njia usiyakalie wala kuyapanda. Hayajafungwa, na moja likisogea yote yanafuata. Kusini na magharibi, mwisho wa baridi, utaona viwavi wenye manyoya wakienda kwa mstari mrefu chini ya misonobari. Usiwaguse, na mzuie mtoto na mbwa. Manyoya yao huunguza ngozi na macho, na mbwa akiwalamba anaweza kupoteza ulimi.

9. Kwenye bonde la mto

Mito kama Dordogne, Lot na Truyère ina mabwawa ya umeme. Kibao chenye picha ya mtu anayekimbia maji yanayopanda kina maana halisi: bwawa hufungua milango, na mto hupanda kwa dakika chache hata kama mbingu ni buluu. Usiketi kula kwenye kisiwa cha kokoto katikati ya mto. Visiwa vya mchanga vya Loire navyo vinaonekana kama ufukwe wa kuchezea, ila mchanga hukatika ghafla pembeni na mkondo una nguvu chini. Watu hufa humo.

Mahali penye mawe ya chokaa, kama juu ya bonde la Lot, kuna jambo la kulielewa. Mvua inayonyesha juu ya uwanda, causse, huzama kwenye nyufa za mawe na kutokea chini bondeni. Ndiyo maana bondeni kuna chemchemi na vinu, na juu huna tone kwa kilomita kumi. Jaza chupa zote kabla ya kupanda.

10. Ukirudi

Kagua kupe siku hiyo hiyo: nyuma ya magoti, kinena, kiunoni, kwapani, kwenye nywele. Ukimkuta, tia ndoano ya kibano karibu kabisa na ngozi, zungusha polepole huku ukiinua, kisha safisha. Usimpake mafuta wala kumchoma moto. Akisumbuliwa hutema ndani ya damu mate yanayoweza kubeba ugonjwa. Andika tarehe.

NJIA MOJA YA KUANZIA

Kwa aliye Paris, hakuna iliyo rahisi kuliko bonde la Chevreuse. Panda RER B hadi kituo cha mwisho kusini, Saint-Rémy-lès-Chevreuse. Angalia skrini ya jukwaa: treni nyingine za mstari huo huishia Robinson, Massy-Palaiseau au Orsay. Tawi la Robinson hugawanyika Bourg-la-Reine, kwa hiyo ukikosea, rudi hapo. Tangu Januari 2025 tiketi ya treni ni ya bei moja kwa mkoa wote wa Paris, Île-de-France, ukiacha viwanja vya ndege.

Kutoka kituoni fuata mto Yvette dhidi ya mkondo hadi mji mdogo wa Chevreuse, kama kilomita 3, ardhi ikiwa tambarare. Hapo tafuta Promenade des Petits Ponts. Ni mfereji mwembamba wenye vidaraja vidogo vingi, kila nyumba na chake, na mahali pa zamani pa kufulia nguo na kutengenezea ngozi bado pako ukingoni. Nunua mkate hapo hapo Chevreuse.

Kisha panda mteremko mkali hadi Château de la Madeleine, ngome iliyo juu ya mji, ambayo sasa ni ofisi ya hifadhi ya eneo hilo. Ingia na uulizie hali ya vijia. Kutoka hapo njia iitwayo Chemin Jean Racine inaingia msituni na kushuka Milon-la-Chapelle, kijiji kidogo kilicho kwenye bonde la mto Rhodon, kama kilomita 3. Anayeanza na ageukie hapo. Kwenda na kurudi ni kilomita 11 au 12. Mwenye nguvu aendelee hadi magofu ya abasia ya Port-Royal des Champs, ila ahesabu upya saa zake kabla hajapita kanisa la Milon.

Ukishazoea, nenda bonde la mto Célé katika département ya Lot. GR 651 huachana na GR 65 karibu na Béduer na kufuata mto huo kupitia Espagnac-Sainte-Eulalie, Marcilhac na Cabrerets hadi Bouziès, safari ya siku tatu au nne. Toka Bouziès kuna kijia cha kale cha kuvutia mashua kuelekea Saint-Cirq-Lapopie, kimechongwa ndani ya jabali juu ya maji. Mawe huanguka na kijia hufungwa mara kwa mara, kwa hiyo uliza ofisi ya utalii kwanza. Njiani utalala gîte d'étape, nyumba ya kulala watembeaji: agiza mapema pamoja na chakula cha jioni, fika kabla ya saa kumi na mbili, viatu huachwa mlangoni, na begi lisiwekwe kitandani, kwa ajili ya kunguni.

MATATIZO NA UFUMBUZI

Alama zimetoweka na huwezi kurudi nyuma. Simama, tafuta mahali ulipo kwenye programu ya ramani, kisha shuka au panda kuelekea barabara ya lami iliyo karibu, ukipita kwenye njia zilizochorwa. Usikatize msitu kwa kubahatisha. Mstari mnene wa miiba utakula saa nzima.

Simu haina mtandao. Toka bondeni, panda kidogo kuelekea ukingo au uwanda. Mara nyingi mita 50 za mwinuko zinatosha.

Mtu ameumia. Piga 112. Taja jina la kijiji, namba ya njia, na namba za mahali ulipo kutoka kwenye programu ya ramani. Huduma ya 114 hupokea ujumbe mfupi kwa asiyeweza kusikia au kuongea. Mfunike majeruhi, maana ardhi hapa ni baridi hata Juni.

Kisigino kimeanza kuwaka. Vua kiatu sasa hivi, si baada ya kilomita moja. Kausha, weka plasta kabla lengelenge halijatokea, badilisha soksi, kaza kamba sehemu ya kifundo.

Daraja limefungwa au kivuko kimejaa. Usijaribu kuvuka maji yanayofika magotini na yanayokimbia. Rudi hadi daraja la barabara, hata kama ni kilomita 4 zaidi. Hapo ndipo ile saa moja na nusu ya akiba inapofanya kazi.

Umekosa basi la mwisho. Nenda kwenye mkahawa au ofisi ya meya, mairie, kama bado iko wazi, uulizie teksi. Namba yake mara nyingi imebandikwa mlangoni. Teksi ya kijijini si ya kusimamisha barabarani, hupigiwa simu na huchukua muda kufika.

Wiki mbili baadaye kuna duara jekundu linalopanuka pale kupe alipokuwa. Nenda kwa daktari na ile tarehe uliyoiandika, hata kama haliwashi wala haliumi. Endelea kuiangalia ngozi kwa siku 30 tangu kuumwa. Homa au maumivu ya viungo katika muda huo pia ni sababu ya kumwona.